Futa Mlango Mmoja

Bupe, orodha yako ya kicheni pati imefika.
Nimeisoma huku namenya ndizi, simu nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi.
Brenda. Jagi la umeme. Kikaangio kisichotaka mafuta.
Na chini kabisa, kwa herufi kubwa kama tangazo la msiba:
FRIJI, MILANGO MIWILI.

Nawe unaolewa Kandete, ambako Julai
mawese huganda kwenye chupa hadi saa nne.

Ngoja nikwambie la kwetu, maana shemeji yako hatakwambia.

Tulikwenda Mwanjelwa na pesa ya parachichi.
Muuzaji akafungua mlango, taa ikawaka ndani,
baridi ikatulamba usoni
kana kwamba siyo ileile tuliyopanda nayo gari asubuhi.
Palikuwa mahali pa kucheka. Hatukucheka.
Ambakisye alilipapasa ubavuni kama anakagua mtamba,
akauliza lita. Hakuuliza uniti.
Mimi niliuliza rangi, na dhambi hiyo iandike kwa jina langu.

Tukalilaza kwenye Kenta, chali, kama mgonjwa,
tukavuka ukungu wa Isyonje.
Nani angetuambia friji halilazwi?
Nani angetuambia likifika liachwe lisimame, litulie,
mafuta yake yashuke yalikotoka?
Karatasi ya maelezo tulikuwa nayo. Tuliwashia jiko.

Usiku uleule tukalichomeka,
majirani wakaja kunywa maji ya baridi.
Mwezi wa saba, Bupe!
Mama Subilaga alimaliza glasi yake kwa heshima,
meno yakigongana kama vikombe kwenye beseni,
akasema, "Matamu,"
akaomba kusogea motoni.

Luku ikaliwa kama karanga.
Kile kidude cha kulinda umeme tulikiona ghali
mpaka Machi, radi iliposhuka kutoka mlimani.
Friji likakohoa mara moja.
Fundi Mwaisumo akainama nyuma yake, akanusa.
"Kompresa," akasema polepole,
kwa sauti ya mtu anayetaja jina la marehemu mbele ya wafiwa.

Basi siku hizi dukani sitaki kuonyeshwa taa.
Brenda yangu niliikuta kwa Tweve, yule Mkinga wa stendi,
nikamchosha saa nzima.
Mpira wake unauzwa peke yake? Kisu je?
Jagi likipasuka nakuja hapa, au naagiza Dar?
Akaniuliza, "Mama, unanunua au unaposa?"
Naposa, nikamwambia.

Mwaka wa sita huu. Karanga kavu siitwishi.
Ikianza kunuka moto naizima, tunapumzika wote wawili.
Naiosha kabla sijala, naifuta hadi makalioni,
kwa kuwa mvua ya Tukuyu haibishi hodi, inaingia na hewa,
inakula bati, inakula skrubu,
chumvi inalia koponi.

Na friji?
Lipo. Mpira wa mlango wake bado unang'ata.
Ndipo pakavu pekee nyumbani mwangu:
mbegu za maharage, viberiti, vyeti vya ubatizo,
koti la Jumapili la shemeji yako, limekunjwa pale ilipokaa nyama.
Kila akilifungua husimama kidogo.
Nadhani anangoja taa.

Zawadi yako nimeshaifunga: mipira mitatu ya brenda
na kile kidude cha radi.
Usione haya kuvipokea mbele za watu.
Orodha siikatai yote.
Ila futa mlango mmoja, mdogo wangu.
Tuanzie hapo.