Bibi Kabugho Aligomba kwa Kiswahili

Uliomba kwa Kikonzo.
Wageni kutoka Fort Portal uliwaamkia kwa Kitoro chao.
Lakini ukikasirika, Bibi, ukikasirika hasa,
ulishuka shimoni
ukapanda na Kiswahili.

Kiswahili cha kambi ya Kilembe,
cha wanaume waliotoka kila upande
wakakutana chini ya mlima, gizani,
wakahitaji neno moja la kusema *kimbia*.
Hakikuwa na ngeli. Kila kitu kilikuwa "ile".
Ile mtoto. Ile sufuria.
"Nani nachoma ile maharage?"

Nami, niliyerudi kutoka Morogoro na cheti changu,
siku moja nikakusahihisha.
Ulinitazama kama unavyoitazama noti ya bandia.
"Hiyo yako ya karatasi," ukasema.
"Ile yangu nalisha watoto saba."

Kabalagala na chai, mlangoni pa mgodi.
King'ora kikilia saa kumi na moja,
unga ulikuwa umeshakandwa.
Mgodi ukafungwa, shaba ikabaki mlimani,
king'ora kikaota kutu kabla mama hajaolewa.
Wewe uliendelea kuamka.
Nilikusikia nikiwa mdogo:
kiberiti, kikohozi, mfuniko.

Mwaka ule ambao nyumbani hatuutaji kwa tarakimu
askari walikuja kuulizia wanaume.
Babu alikuwa nyuma ya magunia ya kahawa,
pumzi ameikunja kama shuka.
Ukatoka na unga mikononi
ukawagombeza kwa lugha yao wenyewe:
ile chai ya mwezi jana, nani nalipa?
Wakacheka. Mdogo wao akalipa.
Hadithi hii uliipenda, uliirudia kila Krismasi,
na kila ukifika pale pa kucheka ulisimama.
Baluku, mwanao wa pili, alikuwa barabarani siku hiyo.
Hilo hukulisimulia
kwa lugha yoyote.

Halafu mto.
Nyamwamba ulipokuja usiku na mawe yake
ukachukua jiko, kuku, choo, nusu ya migomba,
tulikukuta kilimani, kanga imelowa,
unaunyooshea mto kidole:
"Weye! Ile sufuria si yako!"
Asubuhi pale palipokuwa jiko palikuwa na jiwe
kubwa kuliko ng'ombe.
Vijana walilisukuma siku mbili.
Siku ya tatu ukalifagia
ukaanika muhogo juu yake.

Bangili ya shaba aliyokupa Babu
ilikuachia mstari wa kijani mkononi.
Shangazi Ithungu aliusugua kwa sabuni
walipokuosha. Akasugua. Akaacha.

Hospitali ya Kagando, kitanda cha dirishani.
Siku ya kwanza uligombana na muuguzi kuhusu uji.
Ya pili, na mimi, kuhusu viatu vyangu.
Ya tatu hukugomba na mtu yeyote,
ukamshukuru hata daktari,
nikatoka nje nikashika ukuta.

Mhubiri alisema ulikuwa mpole.
Mama alinifinya. Tuliinamisha vichwa
watu wadhani tunalia,
na kweli tulikuwa tunalia.

Tuliporudi kutoka kaburini wingu lilikuwa limeshatua
kwenye mabega ya milima.
Watu walikaa uani, sahani mapajani, wanaongea pole pole.
Na pale juu ya jiwe
muhogo wako, ule ulioutandaza mwenyewe
Jumanne kabla ya kuugua,
hakuna aliyethubutu kuugusa.
Tone la kwanza likaniangukia shingoni.
Mdomo ukafunguka kabla sijauruhusu,
cheti, ngeli, Morogoro, vyote vikaanguka:

"Nani naacha ile muhogo kwa mvua?"

Ua mzima ukanyamaza.
Kisha wote, hata mhubiri,
wakakimbia.