Kufuturu kwa Saumu

Tumerudi kutoka makaburini, Agrigento,
saa nne usiku, tumbo tupu tangu alfajiri.
Tulifunga bila nia.
Kaka yangu Gerlando hajavua koti.
Nafungua kabati la mama:
tambi nusu pakiti, mafuta ya zeituni,
pilipili kavu zilizotungwa uzini,
vichwa viwili vya saumu.
Basi, saumu tutaifuturu kwa saumu.

Mwaka wa tatu hatusemezani, kisa nyumba hii.

Maji yakatokota. Nikatia chumvi konzi nzima,
kama alivyotia yeye.
Gerlando akachukua kisu, hakuulizwa,
akakata saumu nyembamba kama ukucha wa mtoto.
Mafuta yakaanza kunong'ona.

Hapo ndipo aliposema, "Hii nyumba..."
nami nikageuka, nikamjibu, sauti zikapanda,
saumu ikaungua.

Harufu chungu. Kimya.
Tulimsikia sote, bila kutazamana,
akifoka kutoka kila kigae cha jiko:
Ikiungua haitengenezeki! Mwaga, anza tena!

Akamwaga. Akasugua kikaango.
Nikamenya kichwa cha pili.
Tambi zikawa zimepitiliza, zimelegea,
kosa ambalo angetusimanga nalo hadi Pasaka.

Tulikula wima, sufuria moja, uma mbili,
midomo inang'aa mafuta,
pilipili ikatupa kisingizio cha machozi.
Habari ya nyumba haikurudi mezani.
Gerlando akapangusa sufuria kwa mkate,
akaumega,
akanipa upande uliolowa zaidi.