Vinguzo Thelathini na Viwili

Mchagua jembe si mkulima, alinitania Idwal,
na yeye mwenyewe wiki ya tatu sasa
anarudi kutoka kwa muuza mbao wa Bangor
na vipande vya mfano mfukoni, kama mtu aliyeiba vijiko:
mwaloni, mzito, bei ya kutia homa;
msonobari, mwepesi, unaonukia duka la dawa;
cha mraba, cha mviringo, chenye kiuno, chenye shingo mbili.
Tukavipanga kwenye meza ya chakula.
Tukala kando yavyo siku tisa.

Nje, mvua ya Bethesda inanyesha inavyojua yenyewe,
kwa ubavu.
Heledd ana miezi minane. Ameanza kutambaa.
Mkaguzi wa halmashauri alisema: mpira wa sentimita kumi
usipite kati ya kinguzo na kinguzo.
Hakusema kichwa. Sote tulisikia kichwa.

Ngazi yenyewe ilikuwa imezibwa kwa ubao
tangu enzi za nyanya yake Idwal, Bi Luned,
aliyetaka nyumba ya kisasa isiyokamata vumbi.
Jumamosi moja nikapenyeza patasi, nikakaza,
misumari ikalia,
ubao ukatoka mzima mzima,
na vilikuwa humo, safu nzima, vimesimama gizani
kama watoto waliojificha mchezoni
wenzao wakaenda kula.

Thelathini na kimoja. Mahali pa kimoja, tundu.

Rangi juu ya rangi: kahawia, maziwa, kijani cha hospitali,
kisha kahawia tena, ya kale, ngumu kama ukoko.
Nikapaka dawa nzito kama uji, nikangoja, nikakwangua,
barakoa usoni, mtoto kwa jirani,
maana rangi za zamani zina sumu ya risasi.
Nilitumaini, nakiri, kukuta mti wa kifahari.
Ulikuwa msonobari. Msonobari tu, wenye vifundo,
mti wa mchimba sleti aliyelipwa kwa wiki
na kukatwa baruti yake mwenyewe.
Idwal alicheka hadi akakaa kwenye kidato.
Kutwa nzima tulikuwa tumekula kando ya jibu.

Msasa namba themanini. Halafu mia na ishirini.
Halafu mia na themanini, kufuata nyuzi za mti, si kuzikata.
Mabonde aliyoyakereza fundi yule
hayaingiliki kwa kipande kilichokunjwa;
nikachana msasa kuwa utepe, nikauvuta huku na huku
kama mng'arisha viatu mwenye mteja wa haraka.
Vanishi, au nta?
Vanishi hung'aa kama mgeni aliyekuja kuonekana.
Nta hutaka kukumbukwa kila mwaka, nami najijua.
Tukachagua mafuta, yale salama, kwa kuwa Heledd hulamba.
Tabaka tatu. Kitambaa kisichoacha manyoya.
Usiku mzima kati ya tabaka na tabaka.

Shangazi Ceinwen akaja kuona. Akapitisha kidole, hakusifu.
Alipokwenda jikoni kujaza birika, akaita:
"Na hiki je?"

Dirisha la juu ya sinki halijawahi kukaa wazi lenyewe.
Nalinyanyua, nalitegemeza kwa kile kijiti cha kijani,
chenye kiuno, chenye shingo mbili.
Miaka minne nimekishika kila asubuhi.

Hatukukirudisha. Dirisha nalo lina haki zake.
Tulinunua kipya, cha Bangor, cha mraba;
kimesimama cha tatu toka chini
kama mkwe kwenye picha ya ukoo.

Cha kumi na tisa nilikiacha kati.
Heledd aliamka akilia, nikaweka msasa chini,
na sikurudi tena.
Huwa nashuka usiku kumtafutia maziwa, taa sijawasha,
mkono ukihesabu: laini, laini, laini,
kisha pale panapokwaruza.
Hapo najua bado vidato sita.