Kuchagua Sikio

Mezani kwa Bakili Nambunga, fundi saa,
nimepanga masikio matatu juu ya gazeti la mwezi jana.
Laki saba za jumuiya ya maji zimo mfukoni.
Matangi ishirini na sita yanangoja wa kuyasikiliza,
na ni mimi, Somoe, niliyesimama mkutanoni nikasema:
nipeni wiki, nitachagua.

La kwanza, bei ya kuku wawili.
Chaneli moja. Linasikia, ndiyo,
ila matangi mawili yakisema kwa pamoja
moja linaambulia upepo.
Nduguye niliwahi kumnunua. Najua.

La pili ni kikompyuta cha kiganjani,
mgongoni kabeba redio ya chaneli nane.
Kila skrubu naifikia.
Lakini akili yake imo kwenye memori kadi,
na umeme wa Newala ukikatika mara tatu usiku mmoja
kadi huamka haijui hata jina lake.
Mwaka jana nilifungua boksi la majaribio
nikamkuta mjusi juu ya prosesa,
katulia, anaota moto wetu.

La tatu limezibwa ndani ya alumini.
Mvua haliijui, vumbi halilijui,
wala bisibisi yangu haliijui.
Likiugua litapanda ndege kwenda kwao
na sisi tutarudi kwenye ndoo.

Bakili hainui kichwa, lenzi imo jichoni.
"Lipi likifa," anauliza,
"utajua limekufa kwa nini?"

Basi, la pili.
Memori kadi naing'oa, naweka diski;
betri ya lithiamu, sola, kizuia radi,
na kipande cha chandarua kwenye tundu la hewa.

Antena ndiyo ilitaka kunipoteza.
Muuzaji wa Mtwara alinishikisha fimbo ndefu, desibeli nane,
akaisifu kama mshenga: hii inafika mbali, dada.
Inafika. Nilipanda nayo mnara wa tangi kuu, ukingoni,
pale ardhi inapokatika na Ruvuma inameta chini,
ikanisikilizisha watu wa ng'ambo, Msumbiji,
wakipima sijui nini.
Pampu yetu ya bondeni, chini ya miguu yangu: kimya.
Nguvu zote zimebanwa bapa kama chapati
zinapita juu ya vichwa vya wenyewe.

Nikairudisha. Nikachukua fupi, desibeli tatu,
isiyo na mshenga,
inayokumbuka kutazama chini.

Na waya mita mbili, si kumi na tano.
Waya mrefu hunywa sauti
kama mchanga wetu unavyokunywa masika
usiache hata dimbwi la kunawia uso.
Hilo hatufundishwi, sisi wa juu tunazaliwa nalo:
kilichonyesha sicho kilichokingwa.

Alfajiri ya Jumanne, simu inatetemeka.
Tangi la shule, sentimita tisa.
Tangi la zahanati, sentimita kumi na moja.
Pampu: imelala.
Nampigia Binti Mkwemba, najua yuko mlangoni,
ndoo mkononi, kata kichwani.
Rudi kitandani, namwambia. Maji bado.
Anasonya, anakata simu.
Nasikia kitasa chake, ukuta wa pili,
kikijifunga tena.

Mjusi nimemwachia boksi la zamani.