Mataruma

Rangi ya jezi hatukuichagua.
Eulogia Maidana alichemsha magome ya kebracho
katika sufuria la kufulia, akatumbukiza fulana kumi
(ya kipa ilibaki nyeupe, maji yalikwisha),
zikatoka na wekundu wa kutu,
wa kidonda kinachokauka.

Klabu tukaiita Durmientes, yaani mataruma,
magogo tuliyochonga ili reli ipate pa kulala.
Kwa lugha yetu neno hilo pia ni waliosinzia;
basi wageni kutoka mjini
hawakukosa kutukoromea.

Treni ya mwisho haikupiga hata honi.
Reli iling'olewa, ikauzwa kwa kilo.
Mataruma tukayabeba wenyewe,
watu wanne kwa taruma moja,
tukayafanya viti vya uwanja.

Kombe? Hatujalishika.
Mwaka mmoja Fermín Ocaranza alifunga kwa goti,
akakimbia akishangilia hadi kituoni,
akawapungia mikono abiria wasiokuwepo.

Jumapili huketi pale, vumbi kooni,
nikasikia mtetemo chini ya makalio.
Mke wangu asema ni miguu ya watu.
Sawa.
Lakini dakika ya tisini, tumeshachapwa matatu,
nageuka kutazama safu zote:
hakuna aliyefumba jicho.