Jiko Kipofu

Mwaka wa sabini na tisa, hapa Bytom, ghorofa ya saba,
walituambia tuna bahati: bafu ndani, maji moto,
lifti iliyopanda ikijisikia.
Jiko halikuwa na dirisha.
Jiko kipofu, ndivyo tulivyoliita, jengo zima,
lenye kioo kimoja juu ukutani, upana wa gazeti,
kikiomba mwanga sebuleni
kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Miaka arobaini na mitano nimepika humo.
Kupitia kioo kile niliona dari
na, usiku, buluu ya televisheni ikichezacheza.
Bogumił sikumwona. Nilisikia kikohozi chake cha mgodini
nikajua yupo.

Sasa amekuja Jagoda, binti wa mdogo wangu,
na kipimo cha leza; nukta nyekundu inanitua kifuani.
"Mama mkubwa, ukuta huu haubebi kitu."
Haubebi kitu!
Umebeba sufuria zangu, kalenda ya parokia,
na mgongo wangu, saa kumi za alfajiri,
nikifunga mkate wa mtu anayeshuka chini ya ardhi.

Kabati za juu, anasema, siku hizi hazitakiwi; ukuta upumue.
Za chini zipakwe kijani cha msitu ulionyeshewa,
vishikio vya shaba ya manjano,
friji ivishwe mlango wa kabati, mgeni asijue
kwamba nyumba hii watu huhifadhi maziwa.
Droo zijifunge zenyewe, polepole,
kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.
Meza ya jiwe, ila si jiwe:
ni kauri iliyochorwa mishipa ya marumaru,
na mishipa, nilichungulia, inajirudia kila baada ya mita moja na nusu.
Katikati, kisiwa.
"Kisiwa?" nikauliza. "Na bahari iko wapi?"
"Bahari ni ninyi. Mtazunguka."

Gesi nayo iondoke. Jiko jipya halina moto,
ni kioo cheusi kinachochagua vyombo.
Nikapitisha sumaku kwenye sufuria, moja moja,
kama daktari wa jeshi akikagua vijana.
Sita zilifeli.
Ya mama mkwe ilishika.
Amezikwa, na bado anashinda.

Ukuta ulivunjwa Jumanne, dakika arobaini tu.
Vumbi liliingia hadi ndani ya saa.
Kisha mwanga wa Machi ukatembea sakafuni,
ukafika pembe ile niliyoisugua miaka yote
nikiamini imetakata.
Haikuwa imetakata.
Jagoda aliona, akajifanya anatafuta kalamu.

Jumapili ya kwanza. Supu chachu, viazi, soseji nyeupe.
Nimejipakulia, nakula kama kawaida yangu.
Bogumił amepunguza sauti ya televisheni.
Ananitazama kama aliyegundua chumba kingine
katika nyumba anayoilipia kodi.
"Kwani huwa unakula umesimama?"
Nimemeza.
"Tangu lini?"
Tangu ile lifti ilipokuwa mpya, Bogumił.
Sikulisema. Niliangalia bakuli.

Ameinuka, magoti yakilia, akaburuta kiti kirefu
hadi kwenye kisiwa, akakipigapiga
kama anavyompigapiga mbwa wa jirani.
Nimekaa. Miguu yangu haifiki chini.

Toka hapa naona kila kitu. Namwona akijitilia chai:
kijiko cha sukari, cha pili,
anatupa jicho pembeni, mazoea ya mtu asiyewahi kuonwa,
cha tatu.
Daktari alisema kimoja.

"Bogumił."
Mkono wake umeganda hewani.
Na wangu pia uko juu, naugundua sasa:
umekwenda wenyewe kufuata chumvi
kwenye kabati ambalo halipo.