Siku Tisa za Kuku

Umeniuliza, Mama Tenywa, lipi uuze.
Mimi fundi, si kadhi. Lakini umeuliza.

Lile jeupe la mwaka sitini na nane
aliliacha Bwana Jivraj mwaka wa kufukuzwa,
funguo akamwachia marehemu ndani ya kopo la majani ya chai:
liwashe kila Jumapili, basi.
Mafuta yakaisha kabla ya Jumapili.
Sasa limezeekea bandani kwako, hapa Walukuba,
mkia mrefu kama hotuba ya diwani,
taa za nyuma zimekatwa na bampa, nusu juu, nusu chini,
macho ya mtu anayesinzia kanisani.
Kuku wako amelalia mayai kwenye kiti cha dereva.
Nimehesabu: matano, na moja naona ni viza.

Jekundu, la tisini na tatu,
mwanao alilitoa bandarini Mombasa;
lilipita Malaba usiku, kodi ikazidi bei.
Halina kona. Ukilimwagia maji
hayajui yashukie wapi.
Lina tabo mbili, sisi gereji twaziita taabu mbili:
ya kwanza huamka mapema, ya pili huchelewa,
na zikishikana, pale kwenye miwa ya Kakira,
shingo yako hubaki nyuma kuokota kofia.

Jeupe lina farasi mia na kumi, wote wana adabu.
Jekundu lina mia mbili hamsini na tano
na hakuna hata mmoja aliyefunzwa na mamaye.
Yote mawili hunywa oili
kama wajomba siku ya mahari.

Jana niliyafungua.
Humo hamna pistoni, Mama, hamna panda-shuka.
Ni pembetatu iliyotuna mbavu, sambusa ya chuma,
inazunguka ndani ya tumbo lililobonyea kiunoni;
na kwenye kila ncha, sili nyembamba kama ukucha.
Ikivunjika moja, nyumba nzima inavuja.
Za jeupe ni za kaboni, nyeusi, zinachafua vidole
kama penseli ya mtoto.

Kagoya, yule binti ninayemfundisha kazi,
alizifuta kwa petroli, akazipanga mezani,
kisha, bila kuniuliza,
akailaza ya jeupe juu ya ya jekundu.

Ncha kwa ncha. Ubavu kwa ubavu.
Miaka ishirini na mitano kati yao
na umbo halikusogea.
Ile mpya imenenepa tu,
kwa upana wa kidole.

Nilikaa juu ya debe. Chai yangu ilipoa.

Sasa huyu Bwana Lwasampijja wa Kololo
anataka jeupe kwa kuwa ni adimu.
Alilizunguka mara tatu, mikono nyuma,
hakuuliza kama linatembea.
Mwanao naye anasema uza hilo, jekundu ni langu,
na jekundu ndilo linalodai sili mpya,
na pesa za sili zimo kwenye jeupe.
Unaona fundo lilipo.

Mimi sitakwambia uza, sitakwambia weka.
Nitakwambia hivi tu:
kuku bado ana siku tisa.
Mwambie Bwana Lwasampijja.
Akisema mtoe huyo kuku, mpandishie bei.
Akisema nitarudi siku ya kumi,
mletee kile kopo la chai.
Mwache afungue kifuniko mwenyewe.